Kiti cha Nyuma Kabisa

9 Januari

Mdogo wangu Kibiriti,

Salamu nyingi kutoka huku yadini. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba kuinama chini ya magari ni kazi ya vijana. Wifi yako naye hajambo. Gauni ulilomshonea bado linamkaa, ingawa zipu inalalamika na yeye anadai ni kosa la fundi. Jibu unalo, msinitie mimi katikati. Mpe shemeji salamu zangu, mwambie kabati alilonitengenezea ni imara kuliko nyumba iliyolibeba. Mapacha nawabusu wote wawili, hata yule aliyenimwagia uji kwenye viatu.

Sasa sikiliza. Nanunua gari.

Kazi yangu unaijua. Magari yanashuka melini, mimi napita na tochi na kioo chenye mpini, natafuta kasoro. Miaka yote hii nimekagua magari ya watu. Safari hii nachagua la kwetu, na litakuwa la safu tatu. Si lile jitu linalotaka barabara yake peke yake, wala si kile kigari cha kubanana kama dagaa. La kati, la familia. Mbele mimi na shemeji, safu ya pili Mama na wewe, safu ya tatu wifi yako na mapacha. Watu saba, kila mmoja na mkanda wake. Tangu tuzaliwe, lini ukoo huu umesafiri ndani ya gari moja? Siku zote nusu tunatangulia na nusu wanafuata, na chakula huwa kiko kwa waliochelewa.

Injini ina silinda nne tu lakini ina turbo, inapanda mlima na watu wote bila kunung'unika. Magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo ule utelezi wa kwenda kwa Mama tutautazama dirishani. Kamera iko nyuma na pembeni, na kwenye kioo cha ubavuni kuna kitaa kinachowaka gari jingine likiwa mahali ambapo dereva haoni. Kila safu ina tundu la kuchajia simu. Hewa ya baridi inafika mpaka nyuma kabisa, si kama yale magari ambayo wa mbele wanatetemeka na wa nyuma wanaiva. Nimekaa safu ya tatu mwenyewe, mimi na miguu yangu hii ya korongo, na magoti hayakunigusa kidevu.

Mwezi wa nne nitaliendesha mwenyewe mpaka mlangoni kwenu. Mama amekaa kwenu kwa matibabu vya kutosha. Tutampandisha tumrudishe kwake. Niambie unataka gari liwe na nini.

Kaka yako,
Spana


4 Februari

Kaka Spana,

Shikamoo. Barua yako imefika imekunjamana, nadhani dereva wa lori aliikalia njia nzima, lakini imefika. Sisi tunaendelea. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, shemeji yako analala na kola za watoto wa watu. Mapacha wamepoteza viatu, kila mmoja cha kushoto, na hakuna anayejua vilikwenda wapi. Wifi mwambie zipu haina kosa. Mwambie kwa heshima.

Umeniuliza gari liwe na nini. Mimi gari nalijua kwa kulipanda tu, hayo ya turbo nakuachia. Nina swali moja. Ukilaza viti vya safu ya pili na ya tatu, sakafu inakuwa sawa? Na kutoka mgongo wa kiti cha mbele mpaka mlango wa nyuma kuna urefu gani? Pima na futi ya chuma, kaka, usipime kwa macho. Nipimie na upana, pale matairi yanapoingia ndani.

Mama anaendelea. Anakula kidogo. Anataka kwenda kwake. Kila asubuhi anauliza kama mvua imeanza, maana ikianza ile barabara ya mlimani itakatika, na anataka awe ameshapita. Ufunguo wa mlango wake wa buluu anaulalia chini ya mto. Jirani alishauri tukodi gari la hospitali. Mama akamwambia, "Gari la king'ora sipandi. Nikifika nalo majirani watatoka na vilio vyao tayari, nami nitaona haya kuwaambia bado nipo."

Usinijibu kwa simu. Nyumba yetu unaijua, pazia ndilo ukuta, na masikio ya Mama ni mazima kuliko yangu. Andika.

Mdogo wako,
Kibiriti


27 Februari

Kibiriti,

Hatujambo huku. Wifi yako amenunua zipu mpya, kaishika mkononi kama silaha. Nimecheka sana habari ya king'ora, nimewasimulia wenzangu yadini, na wao wakacheka. Mama yetu haishiwi.

Habari za gari ni nzuri. Yapo mawili, yamekuja meli moja, rangi moja, ya kijivu. La kwanza safu yake ya pili ni benchi la watu watatu. La pili, hapo ndipo utamu ulipo. Safu ya pili ina viti viwili vilivyoachana, kila kimoja na mikono yake ya kuegemea, na katikati kuna njia ya kupita kwenda nyuma. Kiti kinapashwa joto. Kinasogea mbele, kinasogea nyuma, mgongo unalala kidogo mtu akitaka kusinzia. Mama akikaa pale atakuwa malkia, mwambie aanze kufanya mazoezi ya kupunga mkono.

Tena lina paa la kioo. Unabonyeza kitufe, pazia linajivuta lenyewe, unaona mbingu yote ukiwa umekaa. Mlango wa nyuma unafunguka ukipitisha mguu chini yake, kwa mtu aliyebeba mizigo mikono yote miwili. Breki zinajikamata zenyewe kitu kikikatiza mbele. Spika zake sitakueleza, utazisikia.

Kuhusu urefu wa sakafu, buti ni kubwa, usiwe na wasiwasi. Sare zako zitaingia zote na shemeji juu yake.

Mwambie Mama nakuja. Mwambie asiogope mvua.

Spana


16 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mapacha wazima. Shemeji yako mzima. Wingu limeanza kukaa mlimani asubuhi asubuhi, bado halijashuka.

Sikuuliza kwa ajili ya sare.

Mama hakai tena. Tangu mwaka unaisha hakai. Ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo, ukimwinua kidogo tu anauma shuka asipige kelele, jasho linamtoka mpaka mto unalowa. Tunamlisha amelala, namwogesha amelala. Daktari alivua miwani yake akaifuta muda mrefu, kisha akaniambia nimpeleke mahali anapopenda kuwa.

Mama alinikataza kukwambia. Alisema, "Spana akijua ataacha kazi aje anikalie kitandani na uso ule wake wa mtu aliyepoteza nati." Ndiyo maana ukipiga simu anachekacheka, kisha anasema mkono umechoka. Nimevunja ahadi. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kilio ndicho kikuandikie wewe barua.

Nimempima kwa futi yangu ya kushonea, nikamdanganya kwamba namkatia gauni. Akaniambia, "Shona fupi basi, huko chini sikutumii siku hizi." Tukacheka, halafu nikaenda uani.

Chukua la benchi, kaka. Lile ambalo ukilaza viti linabaki sakafu tupu. Paa la kioo la nini, tuhesabu kunguru? Joto la kiti la nini kwa mtu asiyekaa? Uzuri wa mkakasi huo. Mimi nataka mahali pa kumlaza Mama amenyooka, kwa saa zote za safari, asiumie. Hakuna kingine. Na uje nalo mwenyewe kama ulivyosema. Anamwambia kila anayeingia kwamba mwanawe anamjia na gari.

Kibiriti


30 Machi

Kibiriti,

Salamu. Wifi yako anasalimu. Barua yako ya tarehe kumi na sita imefika.

Gari nimeshalinunua. Nimechukua lile la viti viwili. Mama atakaa. Mgonjwa hujikaza akiona amejiwa, nimeona wengi. Mkimwegemeza na mito pande zote, mkaweka joto la kiti, mgongo utalegea wenyewe. Nimekikalia mimi mchana mzima baada ya kazi, nikafumba macho, nikajifanya mgongo unaniuma. Kiti ni kizuri sana, mdogo wangu. Kina hata kitufe cha kuinua mapaja.

Sitaweza kuja nalo. Meli mbili zimeingia pamoja, yadi imefurika, msimamizi hasikii la mtu. Nampa dereva mmoja mtaratibu, atalifikisha, mwekeeni chakula. Mimi nafuata baada ya wiki mbili, au tatu meli zikichelewa kupakuliwa.

Nimelijaza mafuta. Kitabu cha maelekezo kiko kwenye kisanduku mbele ya abiria. Magurudumu nimeyakagua mwenyewe.

Spana


12 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Gari limefika. Dereva wako kweli ni mtaratibu, hata kula anakula taratibu. Mapacha wamebonyeza kila kinachobonyezeka, na mmoja amegundua ule mlango wa mguu, sasa unafunguka na kufungwa mchana kutwa na mtaa mzima unajua tuna gari.

Ni zuri. Nasema ukweli, sijawahi kukaa ndani ya kitu kizuri hivyo.

Tumeilaza safu ya tatu, ikalala sawa. Tukakunja vile viti viwili vya kifalme, vikakunjika nusu, vikaacha mgongo umeinuka, na katikati shimo. Tukaweka godoro, likazama mle shimoni. Nikajilaza mimi kwanza, kiuno changu ambacho hakina ugonjwa wowote kikalia. Nikabaki nimelala humohumo nikitazama juu, na hasira zikanipanda.

Wewe unaona mkwaruzo wa ukucha kwenye gari la mtu usiyemjua. Usiniambie hukuona nilichokuandikia. Ulijua, kaka. Nadhani ulijua tangu lile swali langu la kwanza, maana nani anauliza urefu wa sakafu kwa futi ya chuma? Ulichagua gari ambalo mtu hawezi kulala kwa sababu hukutaka alale. Nakuelewa, na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja. Baba ulimkuta udongo wa kaburi lake umeshakauka. Sikutaka kukukumbusha, lakini nimekukumbusha.

Shemeji yako ameingia garini na penseli sikioni, amepima lile shimo, amepima mwinuko. Sasa hivi namsikia uani anapiga randa.


19 Aprili

Naendelea na barua ileile, sikupata wa kumpa.

Ubao umefaa. Ameuchonga kwa vipande viwili, una miguu mifupi na mirefu, ukiutia mle ndani unashika kila kona, hautikisiki. Nimeuvisha sponji na kitambaa cha sare kilichobaki. Mama ameingia kwa mlango wa nyuma, tumembeba kwa shuka tukiwa watu wanne, kichwa mbele, miguu nyuma. Ametoshea. Kiti kimoja tu cha safu ya tatu, cha upande wa kulia, kilibaki kimesimama. Mapacha tuliwaacha kwa jirani. Shemeji yako aliendesha, mimi nilikaa mbele nimegeukia nyuma, mkono wangu uko begani kwa Mama.

Tumeondoka Jumanne. Mvua ilikuwa haijaanza.

Nilibonyeza kile kitufe cha pazia, kaka, ili apate mwanga tu. Mama miezi yote hii ameona bati la nyumba yangu. Akafumbua macho akasema, "Kumbe." Basi akaanza kutuongoza. Kushoto na kulia haoni, anaona juu tu, na juu peke yake kulimtosha. "Waya za umeme zimeisha, tumetoka mjini." "Hayo ni matawi ya mikaratusi ya shule, punguzeni mwendo, kuna tuta." Vyuma vya daraja vilipopita juu yake, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, akatabasamu kama mtoto anayefinywa shavu. Kunguru wakapita, akasema, "Hawa ni wa kwangu, wezi wakubwa." Maneno yangu kuhusu paa nayafuta. Nilikosea.

Tulipoanza kupanda mlima akauliza, "Spana amekaa wapi?"

Dawa za maumivu zinampeleka na kumrudisha, unajua. Tumemwambia miezi mitatu kwamba unakuja na gari, sasa gari limekuja na yumo ndani yake, kwa nini wewe usiwemo? Shemeji yako alinitazama kwenye kioo. Nikasema, "Yuko nyuma kabisa, Mama. Kwenye kile kiti kilichobaki." Kichwa hawezi kukiinua, miguuni kwake haoni.

Akasema, "Pale? Na miguu yake ile? Mwambie avumilie, tunakaribia."

Nikainua macho nikakiambia kile kiti, "Spana, Mama anasema uvumilie, tunakaribia." Nimekisemesha kiti kitupu mbele ya mume wangu, naye akafuta macho kwa mkono wa shati akaendelea kuendesha.

Sasa yuko kwake. Mlango wa buluu niliufungua kwa ufunguo wake mwenyewe, alitaka ausikie ukizunguka. Amelala kitanda chake, dirisha liko wazi. Hali chakula tena, anakunywa maji kwa kijiko. Kila asubuhi ananiuliza kama umeshashuka garini. Namwambia bado. Siku ya kwanza nilisema unafunga vioo. Jana nilisema kuna bawaba imekwama. Leo nilijifanya sijasikia.

Ninaishiwa, kaka.

Kibiriti


23 Aprili

Kibiriti,

Barua hii inatangulia na lori la leo. Mimi nampata wa kunishikia zamu keshokutwa, nitapanda basi la kwanza. Msimamizi akikataa, yadi na iwe yake.

Ulisema nilijua. Nilijua. Siku ile nilisimama katikati ya magari mawili na futi mkononi. La benchi nililipima, kama ulivyoniambia, urefu na upana. Mama alikuwa anaingia vizuri kabisa, amenyooka, na nafasi inabaki kichwani. Nikaona kama nampimia kitu kingine. Nikafunga mlango, nikaenda ofisini nikalipia lile jingine. Meli mbili zilikuwepo kweli, lakini zimekuwepo kila mwezi tangu nianze kazi hii. Niliogopa, mdogo wangu. Nilifikiri nisipomwona amelala, atakuwa bado amekaa mahali fulani.

Mwambie shemeji mikono yake Mungu aibariki.

Usimsahihishe Mama. Akikuuliza tena, mweleze hivi, ni ukweli wa gari. Mtu wa safu ya tatu hashuki upesi. Kwanza anafungua mkanda. Kisha begani mwa kiti kilicho mbele yake kuna kitanzi cha kitambaa, anakivuta, na kiti kile kinainama na kusogea chenyewe kumpisha. Halafu anainama, anatanguliza mguu mmoja.

Mwambie nimeshakishika kitanzi.

Spana


26 Aprili

Kaka,

Barua hii nimeiweka kwenye kile kiti. Nakujua, utakagua gari kabla ya kugusa mlango wa nyumba.

Lori lilipita jana asubuhi. Nilikaa kitandani kwa Mama nikamsomea habari ya mkanda na kitanzi, ile sehemu tu. Alisikiliza yote. Akauliza, "Basi ameshuka?"

Nikasema, "Ameshuka, Mama. Yuko hapo nje."

Akasema, "Mwacheni anyooshe miguu kwanza."

Akafumba macho. Adhuhuri mvua ikaanza, ya kwanza mwaka huu, nikamwambia, nikadhani anasikia. Nilipomgusa mkono nikajua hasikii.

Barabara ya mlimani bado inapitika. Hatujamfanya lolote, amelala kitandani kwake amefunikwa shuka lake jeupe, tunakusubiri wewe. Ubao shemeji yako ameutoa na viti amevisimamisha vyote saba, alisema usilikute gari limelala.

Tuko ndani. Nyoosha miguu kwanza, kaka, ndiyo uingie.

Kibiriti